Kufungua biashara ndani ya uwanja wa ndege Tanzania: mwongozo kamili, kuanzia kuhesabu ndege mpaka kuuza chai

Mtu akipita eapoti akakuta maji madogo yanauzwa mara mbili mara tatu ya bei ya mtaani anapiga hesabu ya haraka kichwani anaona hapa kuna hela, na mi pia ndo nilivoingia, na kibanda cha chai na vitafunwa kwenye uwanja mmoja wa mkoani. Pango la mwaka wa kwanza lilinila mtaji karibu nusu, kwa sababu niliangalia jengo na sikuangalia ndege. Jengo halinunui chai. Anayenunua ni abiria anayepita mbele ya kaunta yako, kwa dakika alizonazo, na pango lolote utakalotajiwa lipime kwa idadi ya hao watu. Humu nitaongelea zaidi chakula, vinywaji na zawadi. Maduka ya bidhaa zisizolipiwa ushuru yako chini ya forodha na yana leseni yake, kubadilisha fedha lazima upitie Benki Kuu, hayo mawili ni habari nyingine.

Hatua ya kwanza: chagua uwanja, alafu chagua upande

Kila mtu anawaza Julius Nyerere pale Dar, hasa jengo la tatu lililozinduliwa Agosti 2019 ambalo limejengwa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Ni pazuri ila pango lake na kiwango cha ujenzi wanachotaka vinahitaji mtu mwenye mtaji mnene na rekodi, ukienda pale na milioni kumi zako unajichosha. Mtu anayeanza ningemwambia aangalie viwanja kama Mwanza, Dodoma, Songwe kule Mbeya, Mtwara, Arusha. Hivi viko chini ya TAA, yani Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania. Zanzibar ni kwingine kabisa, wana mamlaka yao ya viwanja na mamlaka yao ya mapato, usidhani makaratasi ya bara yatakuvusha moja kwa moja.

Na kila uwanja una watu wake. Arusha, ule wa Kisongo, watalii wengi wanapanda ndege ndogo kwenda Serengeti na zile ndege mzigo wao kwa kawaida ni kilo 15 tu kwa mtu pamoja na begi la mkononi, sasa wewe ukamwekee kinyago cha mpingo cha kilo nne mtu anayeelekea porini, atakishika atakisifia atakirudisha. Huyohuyo akiwa anarudi nyumbani na ndege kubwa ndo atanunua. Dodoma ni watu wa ofisi na mikutano, asubuhi wana haraka wanataka kahawa na kitu cha kushika mkononi. Mtwara msimu wa korosho unaona kabisa sura za wafanyabiashara zinaongezeka.

Baada ya uwanja kuna swali la upande, na hapa ndo wengi hawafikirii. Nje ya ukaguzi unapata wasindikizaji, wapokeaji, madereva wa teksi, polisi, watu wa uhamiaji, wabeba mizigo, wafanyakazi wa mashirika. Ndani ya ukaguzi unapata abiria peke yake, ana hela na hana pa kwenda, lakini akishaitwa kwenye ndege amekwenda na kama siku hiyo flaiti ni mbili basi wateja wako ni hao wa flaiti mbili. Kwa uwanja mdogo mi napenda nje. Mfanyakazi wa pale anakunywa chai siku sita kwa wiki mwaka mzima, ndege iwepo isiwepo.

Hatua ya pili: hesabu watu kabla hujaongea na mtu yeyote

Chukua daftari ukae pale siku tatu, moja iwe Jumatatu au Ijumaa, moja katikati ya wiki, moja Jumapili. Andika kila ndege iliyoondoka, aina gani, saa ngapi, na watu wangapi walisimama kwenye biashara zilizopo wakatoa hela kweli. Aina ya ndege ni muhimu kwa sababu inakupa viti: Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 132, ile ya mapanga Q400 ina viti 76, ATR 72 ni kama 70.

Tuseme uwanja wako una moja ya kila aina kwa siku. Hapo ni viti 278. Ndege haijai kila siku, weka saba kwa kumi, unapata kama abiria 195 wanaoondoka. Weka mmoja kwa kumi ananunua kwako, tuseme 20, kila mmoja 6,000. Siku 120,000, mwezi 3,600,000. Inasikika vizuri eh? Sasa toa gharama ya bidhaa, kwa chakula weka asilimia 40, imetoka 1,440,000, imebaki 2,160,000. Wafanyakazi watatu kwa shifti mbili, kila mmoja 350,000 pamoja na asilimia 10 yako ya NSSF, hiyo ni 1,155,000. Imebaki 1,005,000. Ulijenga kibanda kwa milioni 20 na mkataba ni miaka mitatu, kwahiyo kila mwezi kibanda kinakula 555,000. Umebakiwa na 450,000 na bado hujalipa pango, umeme, usafiri wa bidhaa wala kodi ya mapato. Ukitajiwa pango la 700,000 jibu unalo.

Hesabu hii ifanye na namba zako mwenyewe, bei zako, uwanja wako, alafu ifanye tena ukiwa umeondoa ndege moja, maana mashirika yanabadili ratiba, ndege inaenda matengenezo, ruti inafutwa na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza utaishije. Mi ilinikuta, nilisaini wakati flaiti ni nyingi, miezi minne mbele zikapungua na pango likabaki lilelile.

Hatua ya tatu: makaratasi

Hapa siendi kwa urefu kwa sababu ni yaleyale ya biashara yoyote. Sajili jina au kampuni BRELA (wakala wa usajili wa biashara), chukua TIN, yani namba ya mlipakodi, ya TRA, leseni ya biashara kutoka halmashauri, mashine ya EFD ya kutolea risiti. Chakula kinaongeza usajili wa jengo TBS, shirika la viwango (zamani ilikuwa TFDA, ikahama 2019), na kila anayeshika chakula apimwe afya kila miezi sita na cheti kikae pale kibandani, sio nyumbani. OSHA (usalama na afya kazini), Zimamoto na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) nao wana vya kwao. Ukivuka mauzo ya milioni 200 kwa mwaka unaingia kwenye VAT, yani kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, na eapoti kufika huko sio ndoto kama uko Dar.

Kama unataka duka la vinyago na zawadi za kitalii, kuna amri ya Julai 2025 inayozuia wasio raia kufanya biashara kadhaa na hiyo ni mojawapo, kwahiyo mbia wako akiwa mgeni ongea na mwanasheria mapema.

Hatua ya nne: kupata eneo

Eneo la serikali linatolewa kwa ushindani. Tenda za taasisi za umma zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya umma ulioanza 2023 ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS, kwahiyo jisajili humo hata kama hakuna tenda unayoiona leo, kwa sababu ikitangazwa siku unazopewa zinaisha ukiwa unatafuta nywila. Fuatilia na matangazo ya mamlaka yenyewe, na nenda uwanjani ukajitambulishe kwa ofisi ya biashara ya pale, uliza mikataba gani inakaribia kuisha. Hiyo ni haki yako kuuliza, sio kuomba upendeleo. Akitokea mtu anakwambia ana njia ya mkato umpe hela atakupatia kizimba, achana naye. Malipo ya serikali yanalipwa kwa kontroo namba na si kwa namba ya simu ya mtu.

Kwenye maombi watu wengi wanaandika maelezo marefu ya uzalendo na kuwezesha vijana, alafu wanasahau kuambatisha leseni iliyo hai. Soma orodha ya viambatisho, weka kila kimoja, kagua tarehe. Kisha kwenye bei usitaje pango la kushinda tu. Anayeshinda kwa pango asiloliweza anafunga ndani ya mwaka, amepoteza kibanda na deni juu.

Hatua ya tano: mkataba, soma huu mara tatu

Hapa ndo kwenye pesa zako zote kwahiyo nitakaa kidogo.

Pango la eapoti huwa linakuja kwa sura tatu. Kuna la kiasi maalumu kwa mwezi au kwa mita ya mraba. Kuna la asilimia ya mauzo. Na kuna la mchanganyiko, yani unalipa asilimia ya mauzo lakini kuna kiwango cha chini ambacho lazima ulipe hata usipouza kitu. Hilo la tatu ndo linalotumika sana duniani kwenye viwanja vikubwa, na ndo linaloumiza wakati wa shida. Mfano hauko mbali, Aprili 2020 Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona mpaka Mei 18, na hata baada ya kufungua abiria hawakurudi siku moja. Mwenye mkataba wa asilimia tupu aliumia, ila mwenye kiwango cha chini kisicho na kifungu cha dharura deni lilikuwa linapanda huku amekaa nyumbani.

Kwahiyo omba kifungu kinachosema abiria wakishuka chini ya kiasi fulani ukilinganisha na mwaka uliotangulia, pango linapungua kwa uwiano. Huenda wakakataa. Omba tu, na kama wakikataa rudi kwenye hesabu yako ya ndege pungufu.

Mambo mengine ya kuuliza kwa maandishi: pango walilotaja lina VAT ndani au inaongezwa juu, kwa sababu asilimia 18 inageuza hesabu nzima. Umeme una mita yako au mnagawana, na mkigawana mnagawana kwa kigezo gani. Kuna ada ya huduma ya usafi na ulinzi? Pango linaanza siku ya kusaini au siku ya kufungua? Hili la mwisho lilinigharimu miezi miwili, nililipia eneo nikiwa bado nasubiri michoro ipitishwe na pasi za wafanyakazi. Omba muda wa ujenzi bila pango.

Alafu kuna kifungu cha kuhamishwa. Uwanja ukifanya ukarabati wanaweza kukuhamishia kona nyingine, na mita ishirini ndani ya eapoti ni tofauti ya kufa na kupona, ukikaa nyuma ya nguzo ambako abiria hapiti wewe haupo. Iandikwe kwamba ukihamishwa pango linaangaliwa upya na gharama ya kujenga tena inabebwa na nani. Na iandikwe unaruhusiwa kuuza nini, kwa orodha, usije ukaandikiwa vinywaji vya moto tu alafu jirani ndo akawa na haki ya maji na juisi.

Bima usiikwepe. Tarehe 7 Agosti 2013 moto uliteketeza jengo la abiria wa kimataifa wanaowasili pale uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi, asubuhi moja tu. Chukua ya moto na mali, na uliza ile inayofidia mauzo yaliyopotea biashara ikisimama. Ukishasaini peleka mkataba TRA ukalipie ushuru wa stempu.

Hatua ya sita: kujenga kibanda

Huwezi kuleta fundi wako wa mtaani akaanza kupiga misumari. Michoro inapelekwa, inakaguliwa, vifaa vinaulizwa vinashikaje moto, kazi yenyewe mara nyingi inafanyika usiku abiria wakiwa wameisha, na kila fundi anahitaji kibali cha kuingia. Weka mara moja na nusu ya muda uliopanga.

Panga jiko lako kwa umeme. Mtungi wa gesi ndani ya jengo la abiria ni ugomvi, na kukaanga pale kunaleta moshi na harufu na ving'ora. Njia nzuri ni kupika nje, kwenye jiko lako la mtaani lililosajiliwa, alafu kibandani unapasha tu. Sambusa, chapati za kukunja, keki, mayai, vyote vinafika tayari. Hesabu pia vifaa vyako vinakula umeme kiasi gani, birika kubwa, friji mbili na mashine ya kahawa kwenye soketi moja ni kukata umeme saa kumi na mbili asubuhi ndege ikiwa inapandisha.

Kaunta iwe fupi na wazi, bei zionekane kutoka mbali. Abiria mwenye dakika nane haulizi bei, anapita.

Hatua ya saba: pasi za wafanyakazi

Hakuna kitu kinachokwamisha watu kama hiki. Kila anayefanya kazi uwanjani lazima awe na pasi ya uwanja na ili aipate anachunguzwa historia yake, hiyo ni kanuni ya usalama wa anga ya dunia nzima sio ukali wa mtu fulani. Andaa barua ya mwajiri, kitambulisho cha NIDA, picha, cheti cha polisi cha tabia njema, na atakaa kwenye mafunzo ya usalama. Inachukua wiki, wakati mwingine zaidi. Kwahiyo kama unahitaji watu watatu ombea pasi wanne, kwa sababu mmoja akiacha kazi ghafla huwezi kumchukua mdogo wako akashike kaunta kesho. Mfanyakazi akiondoka, pasi irudishwe siku hiyohiyo.

Na kuna sheria moja ya kibandani kwangu ambayo haina mjadala: hakuna kumbebea mtu kitu. Awe rafiki, awe mteja wa kila siku, aseme ni dawa ya mama yake, kifurushi cha mtu mwingine hakipiti ukaguzi mkononi mwa mfanyakazi wangu. Vijana wameozea jela kwa kifurushi ambacho hawakukifungua. Waambie siku ya kwanza, na warudie kuwaambia.

Kama uko ndani ya ukaguzi, bidhaa zako nazo zinapita kwenye mashine. Panga mzigo uingie kabla ya msongamano wa asubuhi, uwe na orodha. Visu vinahesabiwa, viandikwe kwenye daftari vikitoka na vikirudi, kisu kimoja kikipotea ni jambo kubwa kweli.

Hatua ya nane: uuze nini

Kwa kula na kunywa anza na vitu vichache vinavyotoka haraka. Chai ya maziwa, kahawa, maji, soda, sambusa, keki, ndizi mbivu. Kila kitu kinachohitaji zaidi ya dakika mbili kukitengeneza kitoe kwenye orodha.

Kwa zawadi, korosho ndo mfalme. Mtu wa Dar akisafiri anabeba, mtalii anabeba, mgeni wa mkutano anabeba. Kahawa ya Kilimanjaro iliyosagwa, viungo kwenye pakiti ndogo, khanga, vitenge, picha ndogo za Tingatinga zilizokunjwa kwenye bomba. Angalia jambo la vimiminika: kwenye safari za kimataifa begi la mkononi haliruhusu chupa inayozidi mililita 100, kwahiyo asali ya nusu lita ukiiuza nje ya ukaguzi kwa mtu ambaye ameshakabidhi begi lake kubwa, itachukuliwa pale mbele na yeye atakulaani wewe. Muulize mteja kabla hajalipa. Hata ndani ya ukaguzi, anayebadilisha ndege Addis Ababa au Doha anaweza kukaguliwa tena, mwambie.

Usiuze kauri na makombe ya baharini, matumbawe, wala kitu chochote cha mnyama pori, mteja atakamatwa navyo mlangoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, tumia ya karatasi au ya kitambaa, tena ya kitambaa yenye jina la mji inauzika yenyewe kama zawadi. Na bei zote ziwe kwa shilingi, kanuni za Machi 2025 zimekataza kutangaza bei kwa fedha za kigeni, ile tabia ya kubandika dola kwenye kila kinyago imekwisha.

Hatua ya tisa: siku yenyewe inavoenda

Mauzo ya eapoti yanakuja kama mawimbi. Saa moja na nusu kabla ya ndege watu wanaanza kuingia, dakika arobaini wanajaa, tangazo la kupanda ndege likitoka kaunta inabaki tupu kama haikuwahi kuwa na mtu. Kwahiyo chai iwe kwenye chupa kabla ya wimbi na vitafunwa viwe vimeshafungwa. Mtu mmoja apokee hela, mmoja atoe vitu, hiyo peke yake iliniongezea mauzo kuliko bidhaa yoyote mpya.

Chenji iwepo, lipa namba ibandikwe kubwa, mashine ya kadi iwe na chaji. Mgeni aliyemaliza shilingi zake anataka kulipa kwa kadi, usipokuwa nayo atashinda na kiu mpaka apande.

Ndege ikichelewa ndo siku yako, lakini usipandishe bei. Abiria amekasirika, wafanyakazi wa shirika wamechoka, ukiwa na chai moto kwa bei ileile watakukumbuka, na mameneja wa mashirika wakihitaji kuwapa abiria chakula cha kusubiria watakuja kwako. Niliwahi kupata oda ya watu sitini kwa njia hiyo. Weka pia bei ya wafanyakazi wa uwanja kama mkataba unaruhusu, chini kidogo ya ile ya abiria, kwa sababu hao ndo wanakulipia umeme siku ambazo ndege hazipo.

Kila jioni andika mauzo kwa flaiti na sio kwa siku tu. Baada ya miezi mitatu utajua flaiti ya saa mbili asubuhi inakupa kiasi gani na ile ya usiku haifai hata kumlipa mtu wa kukaa, unapanga shifti kwa hizo namba. Daftari hilohilo ndo utakalokwenda nalo kwenye mazungumzo ya kuongeza mkataba, na uanze kuyaongea miezi sita kabla haujaisha, ukiwa bado unauza na umelipa pango lako lote.